Mguu Wenye Jani Lililopinda

Jumamosi, mvua za vuli. Nguo nilizofua jana bado mbichi, chumba kizima kinanuka uvundo, na mimi sina hamu hata ya chai.

Leo nimemdanganya mtu anayeniamini. Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Tangu baada ya Idi ninajifunza kucheza salsa. Ndiyo, mimi, muuza vitambaa wa Darajani, mwanamke wa miaka thelathini na nane ninayekosea hata kupiga makofi harusini. Tunajifunza Mbweni, ghorofani kwenye nyumba moja, wanawake peke yetu, baada ya sala ya alasiri, pazia zimeshushwa. Mlangoni pana kapu la ukili, na kila anayeingia hutia simu yake humo, kama tufanyavyo kwenye harusi zetu, ili mtu avue buibui na acheze bila kuogopa picha. Hakuna aliyetufundisha utaratibu huo. Tumekua nao.

Salsa huchezwa na wawili, na wanaume hatuna, kwa hiyo wanawake warefu tumepewa kazi ya kuongoza. Mimi ni mrefu. Miezi yote hii nimemwongoza mwenzangu mmoja ambaye hapa nitamwita Zuhura. Kwao ni upande wa Chwaka, analima mwani, na zaidi ya hapo sisemi. Mgongo unamsumbua kwa kuinama majini, lakini muziki ukianza huwezi kujua. Wiki tatu za mwanzo nilimkanyaga vidole, naye akacheka tu. Mwalimu wetu ana sheria moja haachi kuirudia: wachezaji wakigongana, anayeongoza ndiye anayeomba radhi, awe amekosa yeye au hakukosa. Zuhura akinitania kwamba nimeomba radhi nyingi kuliko hatua nilizopiga.

Naye alikuwa na uongo wake. Nyumbani alisema anakwenda mjini kusoma kuoka keki. Tulikuwa tukicheka mpaka machozi yanatutoka, kwa sababu miezi inapita na hajapeleka hata biskuti.

Sasa kosa langu.

Mwezi uliopita nilisema nangoja simu ya mama, nikaingia na simu yangu. Nilitaka kurikodi namna ya kugeuka, nikajifunze nyumbani. Niliiegemeza simu ukutani, chini ya pazia, mtu asiione, nikarikodi miguu tu, yangu na ya Zuhura, kuanzia vifundoni kwenda chini. Nikajiona mwerevu: hakuna uso, hakuna nywele, hakuna sauti ya mtu. Kisha, kwa majigambo yangu, nikampelekea binamu yangu, akaone na mimi nimo. Binamu akaiweka kwenye status yake, na watu wakaanza kurushiana. Sikuhangaika. Nani atamjua mtu kwa nyayo?

Zuhura alikuwa ametoka harusini siku mbili kabla. Miguu yake ilikuwa na piko, ile rangi nyeusi ya kujichora maua, na piko hiyo aliichora mkwe wake, Bi Mize, kwa mkono wake mwenyewe: kitawi cha mkarafuu kinachopanda hadi kifundoni, na jani moja limepinda, kwa sababu Zuhura alitekenyeka akautikisa mguu. Bi Mize aliliona jani lake kwenye simu ya binti yake. Hakuhitaji uso.

Na mimi, niliyechorwa hina na piko tangu mtoto, sikulifikiria hilo hata kidogo.

Nasikia mume wake hakukasirishwa sana na ngoma. Kilichomuuma ni zile keki. Safari za mjini zikaishia hapo.

Wiki iliyopita mwalimu alinipa viatu vya Zuhura vilivyobaki kabatini, nimpelekee. Nimevipeleka leo asubuhi. Bi Mize mwenyewe ndiye aliyenipokea barazani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe pia unasoma keki?"

Hakutabasamu. Nikainamisha kichwa. Hata hivyo alinitilia chai na muhogo wa kuchemsha, na nilikula kwa shida.

Zuhura akanipeleka nyuma ya jiko, tuwe peke yetu. Akavaa viatu juu ya mchanga uliolowa, akanipa mkono. Tulicheza kidogo bila muziki, yeye akihesabu kwa midomo. Nilimgeuza, akageuka, wala hakutazama ninampeleka wapi. Kisha akavivua, akavipangusa kwa kanga yake, akanirudishia.

"Kampe mwengine. Mie yashanipita haya." Halafu akaniuliza, "Lakini nani alorikodi? Kila siku nnajiuliza."

Tulikuwa wawili tu. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

"Sijui," nikasema.

"Mkwe alikutaja wewe. Nikamwambia yule hawezi, namjua."

Nikasingizia mvua, nikaondoka.

Natamani angeniuliza kwa hasira. Pengine ningesema. Kumrikodi mwenzangu ulikuwa ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Hili la leo ni jengine. Zuhura amenitetea katika nyumba ambayo neno lake mwenyewe haliaminiki tena. Zile saa mbili za Jumamosi ndizo pekee zilizokuwa zake katika wiki nzima, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Alasiri nilikwenda Mbweni, nikatia simu kapuni kabla ya kuambiwa. Mwalimu akanipa mwenzangu mpya, msichana mpole, miguu yake mitupu haina hata nukta ya hina. Nikamkanyaga. Nikamwomba radhi hapo hapo, bila hata kufikiri, na tukaendelea kucheza.

Niliporudi nimekaa kitandani na buibui langu mwilini. Neno hilo la radhi nimelisema mara ngapi mle ukumbini kwa ajili ya kidole, kwa ajili ya kiwiko? Na asubuhi, nyuma ya jiko, lilikuwa wapi?

Viatu viko mezani. Vina mchanga wa kwao kwenye visigino.

Kesho nitakwenda tena Chwaka. Nitamwambia Zuhura, na nitasema mbele ya Bi Mize, kwa sababu mbele yake ndipo aliponitetea. Andiko hili nitamsomea Zuhura kwanza, na akisema watu wengine wasilisome, litabaki kwenye daftari. Viatu nakwenda navyo. Asipovitaka, bado ni vyake. Sijui kama atanipa mkono tena.

Nitakwenda hivyo hivyo.