Shangazi na Rubani wa Roketi

Jumapili, Temeke

Shangazi Mwanaidi alikuwa hanisemeshi tangu tutoke sinema jana. Mwaka jana ile picha ya mfululizo ya roketi iliishia rubani akiungua angani, mie nikamwambia shangazi kwamba rubani amekufa. Akamsomea Fatiha, akakaanga na maandazi ya sadaka akawagawia majirani.

Jana mfululizo mpya ukaanza, na rubani yuko mzima, anakunywa chai. Wengine walishangilia, wengine wakazomea. Shangazi akasimama, akawaambia wote, "Huyu nimeshamfanyia hitima mimi."

Nikaogopa hatanichukua tena, na peke yangu mama haniruhusu. Leo alasiri nikaenda kumwomba radhi. Nikamkuta barazani anawaambia majirani, "Dua yangu ndiyo imemrudisha."

Nikaitikia amina upesi. Jumamosi tunakwenda wote, na majirani.