Kadi Nyekundu Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Maharagwe yameiva kabla ya kucha. Madereva wa trela wamejaa, foleni ya mpakani haisongi. Kesho afisa wa afya anapita hoteli zote za Malaba kubandika kadi: kijani, manjano au nyekundu. Sina wasiwasi. Shemeji ameniletea samadi mbichi kutoka Amagoro. Alfajiri nitasiriba sakafu ya udongo ya jikoni, kama mama alivyofanya kila tulipotarajia mgeni wa heshima.

Jumanne, 4 Machi
Nyekundu.
Sakafu ilikuwa laini, mbichi bado, nami kifua mbele. Afisa akasimama mlangoni akaziba pua. "Mama, hii si ni mavi ya ng'ombe? Kwa jikoni?" Nikamweleza ni heshima yake. Akaandika tu. Nimeona aibu hadi nikashindwa kula.

Ijumaa, 7 Machi
Wateja wanne. Wengine wote wako kwa Mama Zuhura ng'ambo ya barabara. Ana kijani. Nina wivu, sikatai. Miaka kumi na moja nimepika hapa. Mwezi mmoja wa namna hii, nafunga.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Nilimtukana afisa kimoyomoyo mpaka mchana. Kisha nikakubali: samadi ni ya nyumbani, si ya jikoni pa hoteli. Mkubali kosa si mjinga. Nimemwita fundi wa simiti.

Alhamisi, 13 Machi
Simiti imekauka. Nimeweka tangi lenye bomba la kunawia mikono na kabati la vyombo lenye wavu. Nikaenda mwenyewe ofisini kwa afisa kuomba ukaguzi mpya. Alishangaa. Eti wengine hung'oa kadi tu.

Jumanne, 18 Machi
KIJANI!
Alipiga magoti akachungulia chini ya jiko. Akapitisha kidole juu ya kabati. Alitafuta uchafu, akaukosa! Nilipiga vigelegele mpaka wateja wa Mama Zuhura wakatoka kutazama. Watoke tu! Mchana Okello, dereva wa Kampala, akaingia na wenzake tisa. "Mama, tulikumiss sana. Kule ni safi, lakini chumvi hakuna." Nimecheka hadi machozi. Nimeshinda.

Jumatano, 19 Machi
Sufuria zilikwisha mapema, isipokuwa maharagwe kidogo. Nikapakua, nikaketi meza ya mbele kama mteja. Miaka yote hii nimekula nimesimama, kijiko kimoja cha kuonja chumvi.
Maharagwe yangu ni matamu. Sikuwa nimejua.