Esansi ao mazutu

Furaha mujukuu wangu,

Huku Murara tuko wazima, na mama yako amepona mguu. Unauliza gurupe, ile mashine ya kutoa umeme, ya remorke yenu ya kulala safarini munayokokota nyuma ya gari, iwe ya esansi kama pikipiki ao ya mazutu kama magari makubwa.

Tulipokuwa vijana, babu yako alinunua ya esansi kwa kuwa haina kelele. Tukaenda nayo Kibumba kupiga muziki kwenye ndoa, na katikati ya dansi esansi ikaisha. Nikakimbilia madereva wa kamiyo za viazi kuwaomba esansi.

"Mama, hapa sisi wote tunatumia mazutu," mmoja akaniambia kwa huruma.

Bibi harusi akacheza kwa makofi ya wamama. Njiani babu yako akasema, "Nilifikiria masikio yangu, sikufikiria Kibumba."

Kwa hiyo, kabla ya kununua, ulizia kwanza kule mutakakolala wanauza nini.

Nyanya yako anayekukumbuka