Vidole vya Vicky Pembeni ya Picha

Kabondo, Kisangani
Tarehe 16 Machi 2025

Mpendwa Plamedie, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu hata mtu anayekuja kugombana hupiga hodi. Habari ya Kinshasa? Unalala vizuri? Nasikia huko wanamitindo wanakatazwa fufu ili mwili ubaki mwembamba. Kama ni kweli, pole. Kama si kweli, kula.

Sisi tupo. Mama yako Claudine anaendelea vizuri, mguu haumsumbui tena sana. Duka langu linafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kama ulivyoliacha. Tantine wako Kavugho, mke wangu, sasa anakula. Nywele zake zimeota tena, lakini bado anafunga kitambaa hata ndani ya nyumba. Nakuambia haya yote ingawa hukuuliza.

Ndiyo, hukuuliza. Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza kwenye simu ya Célestin, mdogo wangu, sote tukiwa tumekaa uani. Ulisema agence moja ya wanamitindo imekubali kukuona, lakini wanataka buku yako ya picha ikamilike kabla ya Pasaka. Wanataka waone ulivyoanza. Kwa hiyo tutume haraka picha zote za mto Tshopo zilizo ndani ya "telefone ile". Ukaongeza kwamba mpiga picha wako atakata vile vidole vya pembeni, maana vinachafua.

Telefone ile ina mwenyewe, Plamedie. Ni binti yangu, na kwako alikuwa dada, mlilala kitanda kimoja mkiwa wadogo. Anaitwa Vicky. Katika ujumbe mzima hukulitaja jina lake, na vidole unavyotaka kukata ni vyake.

Labda umeisahau Jumapili ile ya picha, mwaka jana, basi nikukumbushe. Vicky alikusuka tangu tulipotoka misa. Kisha akatoa shuka jeupe kwenye kitanda changu bila kuniomba, akaniburuta mpaka mtoni, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kubonyeza telefone. Yeye alilitandaza shuka kando yako ili mwanga wa jua urudi usoni kwako. Alijifunza wapi jambo hilo, sijui. Mimi sijui kupiga picha, na ninyi wawili mlinicheka mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakageuka.

"Tonton, unapiga miguu yangu ao kichwa?" uliniuliza mimi, mjomba wako.

"Papa, inua telefone!" Vicky naye akapiga kelele. "Vidole yangu inaingia!"

"Basi ondoa vidole."

"Nikiondoa, shuka itaanguka, na mannequin wetu atabakia mu giza!"

Hivyo vidole vikaingia karibu kila picha. Kwenye kimoja kuna uzi mweusi wa kusukia. Alisahau kuufungua.

Baada ya Jumapili ile homa ilimlaza, na misuko yako ilikuwa bado mipya tulipomzika.

Siku ya kunyoa nywele za msiba, wanawake wa ukoo walikaa kwenye mkeka, na dada yangu mkubwa Euphrasie akashika wembe. Kavugho alinyolewa wa kwanza. Zamu yako ilipofika, ulisimama.

"Tantine, hapana. Nywele yangu iko kazi. Bila nywele, agence haitanitazama."

"Iko kazi ya nani?" Euphrasie akakuuliza. "Nani njo alikusuka hiyo nywele?"

Ulipanda pikipiki ukaenda zako. Kilio kiligeuka matusi, na ni mimi niliyewanyamazisha. Kavugho aliumia kuliko wote. Nilimwambia: "Mama Vicky, usimhukumu. Ile misuko ni kazi ya mwisho ya mikono ya mtoto wetu. Plamedie anaitunza kichwani." Aliamini. Na mimi niliamini. Tuliishi na maneno hayo, Plamedie, kama watu wanaoota moto mmoja.

Kisha wakati wa Noeli, Célestin akatuonyesha picha yako mpya. Kichwa kimenyolewa chote, kimepakwa mafuta, kinang'aa. Chini yake uliandika kwamba mpiga picha alikuomba, na wewe hukusita, kwa sababu kazi ni kazi. Umependeza, siwezi kusema uongo. Kavugho aliitazama muda mrefu, akarudisha simu, akaenda jikoni kutwanga majani ya pondu ambayo yalikuwa yameshatwangwa.

Nywele ulizomnyima Vicky, ulimpa mtu mwenye kamera. Nimetafuta tangu Noeli namna ya kukuambia jambo hili kwa upole. Sikuipata. Mimi si mtu wa kelele, unanijua, hata wadeni wangu dukani wananijua. Lakini siku hizi nikisikia jina lako likisifiwa mtaani, nabadilisha njia.

Sasa unataka picha. Euphrasie anasema tuzifute zote. Kavugho anasema tusikujibu. Mimi ninakutumia moja, imo ndani ya bahasha hii, nimeichapisha kwenye studio ya mjini. Nimechagua mwenyewe ile ambayo vidole vinaonekana wazi zaidi, pamoja na uzi. Uso wako nao ni mzuri pale, mwanga umeingia mpaka machoni. Mwanga huo aliushika yeye. Nyingine zitabaki hapa. Usimtume mtu kuja kuichukua telefone, atarudi mikono mitupu.

Iweke nzima kwenye buku yako, au usiiweke kabisa. Wakikuuliza vidole ni vya nani, uwaambie jina lake. Ukipitisha mkasi pale, usiniite tonton tena, na siku ya kuondoa matanga, mwezi wa sita, usije kukaa kwenye mkeka wetu. Ukiiacha nzima, nafasi yako ipo, hata Euphrasie akinuna. Lakini upite kwanza kaburini, ndipo uje nyumbani kwa Kavugho.

Mama yako anakusalimu sana. Célestin pia. Kavugho hakusema nikusalimu, wala Euphrasie, nami sitawatungia salamu. Mungu akulinde kwenye barabara za Kinshasa na akupe kazi unayoitafuta. Hilo naliomba kwa kweli, hata leo, na hasira yangu ikiwa palepale.

Ni mimi tonton wako, ambaye amekasirika na bado anakupenda,

Ignace Paluku

Ukiitazama picha, umkumbuke aliyeshika shuka. Na mimi niliyebonyeza, unikumbuke.