Maua ya Shaba Juu ya Jonas

Kolwezi, Jumamosi, 12 Aprili.

Asubuhi ukungu hadi saa mbili, kisha jua dhaifu. Baridi kidogo. Mvua ya mwisho ilinyesha Jumatatu; barabarani vumbi jekundu limeanza kuamka tena nyuma ya malori.

Leo nimerudi kilimani, mara ya kwanza tangu Jonas.

Jina la kilima siliandiki hapa. Atakayesoma mpaka mwisho ataelewa kwa nini.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikianza na maua nitapotea. Jonas alikuwa mume wangu. Alikuwa mchimbaji wa mkono, wa koleo na mtalimbo. Miaka sita iliyopita shimo liliporomoka akiwa ndani na wenzake wawili. Hawakutolewa. Waliokuwepo walisema waliwasikia wakigonga mchana kutwa, chuma juu ya jiwe. Mimi niliitwa jioni. Nilipofika sikusikia kitu.

Tangu hapo ndipo ninaposikia kule kugonga. Jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, nasikia. Bati likipoa baada ya jua na kulia, nasikia.

Béné ni mdogo wake Jonas, wifi yangu. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa alinipita shule zamani: mimi niliishia sekondari, yeye amesoma mambo ya mimea Lubumbashi. Sasa anaomba nafasi ya kusomea udaktari ng'ambo. Si ule wa hospitali, ule wa utafiti. Anataka kujua mimea ya kwetu itakuwaje hali ya hewa ikiendelea kubadilika, na zaidi ya yote ua la shaba.

Ni ua dogo la zambarau. Linaota pale udongo umejaa shaba, pale miti inaposhindwa na kilima kinabaki kipara. Béné alinieleza jikoni, tukiwa tunapepeta unga. Mvua zikichelewa na joto likipanda, mimea mingine itasogea pole pole, mbegu zitaangukia mahali pa nafuu. Hili haliwezi kuhama. Lina kilima chake, basi.

Nililifikiria neno hilo siku nyingi. Haliwezi kuhama.

Profesa amelipenda swali lake. Lakini ameomba picha za maua yakiwa yamechanua, mahali ambapo hapachimbwi, pamoja na zile namba ambazo simu inatoa kuonyesha umesimama wapi duniani. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu.

Béné alitafuta upande wa Tenke, akatafuta upande wa Kingamyambo. Kila alipokumbuka maua alikuta mashimo. Haishangazi. Hapa mchimbaji hulijua ua hilo kabla ya kujua kushika koleo. Jonas alikuwa akisema, "Ile maua haidanganyake." Lilipoota ndipo alipochimba.

Kilibaki kilima kimoja. Hakuna anayekigusa, kwa sababu wachimbaji wa hapa hawachimbi juu ya watu ambao hawajatolewa.

Nakiri hapa, kwa kuwa mahali pengine siwezi: wiki nzima nilikuwa namwomba Mungu profesa abadili nia. Mchana nilimpikia Béné na kumwazima simu yangu, kwa kuwa yake haipigi picha nzuri. Usiku nikaomba akose.

Tulipanda pikipiki moja, watu watatu, mpaka pale njia inapopinda. Mwenye pikipiki alitutazama viatu.

"Bamama, munaenda kutafuta mawe?"

"Tunaenda kutafuta maua," Béné akamjibu.

"Njo mawe ile," akasema, yaani ni kitu kimoja, akacheka peke yake.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu. Nilidhani nimeisahau njia. Miguu haikuisahau.

Juu hakuna mti hata mmoja. Nyasi fupi, upepo, na hapa na pale ua moja, mawili. Tukavuka mgongo wa kilima, tukafika pale. Ardhi imebonyea kama sahani. Ndani ya sahani ile maua yalikuwa yamesongamana kama mkeka uliotandikwa, zambarau tupu, mwanzo hadi mwisho wa lile bonde dogo. Sijawahi kuona mengi hivyo.

Béné alipiga magoti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea habari njema.

"Yaya, angalia. Inapendaka udongo yenye bamegeuza, njo maana hapa iko mingi sana kupita..."

Akauondoa mkono wake kwenye udongo.

Tulikaa tukitazama chini, yeye na mimi. Upepo ulikuwa unayalaza maua na kuyaachia.

Alipiga picha. Mimi niliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa vuguvugu. Nikainama, nikaweka na sikio; sijali aliyeniona. Kimya. Kimya kile kile cha jioni ile.

Namba zilikuwa zimetokea kwenye simu. Béné hakuzituma; aliziacha ndani ya simu. Aliniuliza, "Yaya, nifanye je?" Nikamwambia tukamuulize mama.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe. Béné alimweleza pole pole: namba zitaingia kwenye maombi, utafiti ukifanyika zitachapishwa, na kikichapishwa kitu kila mtu anaweza kukisoma.

"Na bale ba mashine, ba kampuni, banasomaka?"

"Banasomaka, mama."

"Na batoto benye kutoka mbali, benye habajue kama kule kuko batu?"

"Bako na simu, mama. Bote."

Mama aliokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

"Kaburi habaelekezake na kinywa. Mutu banamupeleka. Huyu profesa akuje, nitamupeleka miye, na miguu yangu."

"Mama, ataona mi nakuwa mushenzi. Nafasi ni moja, na batu bako mingi."

"Aone. Kama anataka maua na hapendi kujua nani iko chini yake, anatafuta mawe sawa bengine."

Béné alitoka nje, akasimama karibu na kamba ya nguo. Ana miaka ishirini na saba, na tangu Jonas aondoke hakuna mwingine wa kumsomesha. Nilijua ameombwa kuweka nini mezani. Ningeweza kumfuata na kumwambia tuma tu, mama hatajua. Sikumfuata.

Alirudi akaandika kwa Kifaransa, kisha akatusomea kwa Kiswahili ili mama asikie. Picha anazituma. Namba za mahali hatazituma, sasa wala baadaye, kwa sababu hapa kwetu ua hilo ndilo linaloonyesha watu pa kuchimba, na chini ya maua haya kuna watu watatu ambao hawajazikwa. Anayetaka kupaona atapelekwa kwa miguu na familia. Akaongeza kwamba anaelewa wakimkatalia.

Akatuma. Simu akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Kwa hiyo huenda ombi langu la usiku limesikilizwa, na sasa silitaki. Nimemtazama Béné akila bila kula.

Tulikuwa bado tunakunywa chai Ruth aliposema. Ruth ni binti yetu, mimi na Jonas. Ana miaka minane. Alikuwa amekaa anasukwa na bibi yake, na sote tulidhani hasikilizi.

"Na miye, munanipeleka lini?"

Mikono ya mama ilisimama kichwani mwake. 

Profesa ambaye hatujui hata sauti yake ameshaahidiwa. Mtoto wa Jonas mwenyewe hajaahidiwa. Miaka yote nimemwambia baba yuko kilimani, kama vile amekwenda kazini na atachelewa kidogo. Nilidhani ninaificha njia ile kwa wachimbaji.

Kesho baada ya kanisa nampeleka Ruth. Atavaa viatu vya shule, maana njia ina mawe makali. Nitamwonyesha maua na sitamwambia baba alilala. Nitamwambia alikuwa anachimba. Hatutachuma kitu.

Naongeza haya Jumapili asubuhi, maana aliyelala haandiki. Bati lililia kwa baridi. Jirani alirudi amechelewa, akabisha mlango wake mpaka mkewe akafungua. Kule kugonga kwingine, kwa chuma juu ya jiwe, sikukusikia, nami nilikuwa macho nikikusubiri.

Usingizi ulinichukua saa tisa.