Kuku Walitaga Kwenye Sanduku Lako la Useremala

Mpendwa Baba,

Droo ya chini ya sanduku lako imefunguka! Nimeanza na hilo kwa sababu siwezi kukaa nalo moyoni hata sentensi moja zaidi. Wiki tatu nimeibembeleza, na jana asubuhi imetoka yenyewe, taratibu, bila kuvunjika hata ukingo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana yaliyolipata sanduku lako baada ya wewe kutuacha huyajui. Msiba ulipoisha, ukoo ulikaa kikao pale nyumbani Iringa, na kama ilivyo desturi yetu, vifaa vya baba vikaenda kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kaka Festo akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka sanduku bandani, akarudi Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu vyake. Mimi hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza kama mjinga. Krismasi nilipokwenda kusalimia nikakuta tetea ameatamia humo, juu ya misumeno yako, na mayai tisa. Baba, nililia, halafu nikacheka, halafu nikamgombeza yule kuku kama mtu mzima mwenzangu.

"Si ulichukue basi," Festo akaniambia kwenye simu. "Ila ukumbuke nimekabidhiwa mimi mbele ya wazee. Nitakuja Mbeya kuliangalia. Nikikuta limekushinda, naondoka nalo, nampa fundi anayejua kulitumia."

Nikalipakia kwenye buti la basi hadi hapa kwangu Iyunga, huku nikijiamini kupita kiasi. Hukuwahi kunifundisha kazi. Ulimfundisha Festo, naye akapiga miayo. Mimi nilikuwa nafagia maranda, na fagio langu lilikuwa linachelewa sana kumaliza. "Unatazama nini wewe?" uliniuliza siku moja. Nikasema nafagia. "Fagio halina macho," ukanijibu, lakini hukunifukuza, na kesho yake ukasogeza benchi ili mwanga uingie upande wangu. Nilikuwa na miaka minane na niliona kabisa ulivyolisogeza.

Sasa ucheke. Siku ya kwanza nilisugua randa na patasi zako kwa majivu na maji, kama tunavyosugua masufuria baada ya shughuli, nikazianika juani. Ziling'aa! Nikawaita majirani waje waone. Usiku ukungu ukashuka, na asubuhi kila chuma kilikuwa na kutu nyekundu, na miti ya randa imevimba hadi chuma hakitoki. Nilikaa kizingitini nikajiona nimemaliza kile kidogo ulichobakiza duniani.

Nikaanza upya, na safari hii nikajikumbusha mikono yako. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa na msasa laini, nikifuta kwa kitambaa kikavu kila mara. Miti niliiacha ikauke kivulini, mbali na jiko, siku baada ya siku, na mimi nikijizuia kuigusa. Kinyesi cha kuku nilikikwangua kwa kipande cha kioo hadi mti wa mninga ukajitokeza, mwekundu, mzuri, Baba, mzuri mno! Namba ulizoandika kwa penseli ndani ya mfuniko sikuzigusa. Jirani yangu Mama Lusajo alinishauri nilipake rangi lipendeze kama la dukani.

"Yaani uhangaike hivi halafu libaki la zamani?" akashangaa.

"Libaki la baba," nikamwambia.

Ndipo jana droo ikafunguka. Ndani, kwenye kitambaa, kulikuwa na vipande vya mishumaa, vile mzee wa kanisa alivyokuwa anakuwekea kila baada ya ibada. Nikakumbuka ulivyokuwa unapitisha mshumaa kwenye tumbo la randa na kwenye meno ya msumeno ili viteleze. Nikapaka randa, nikapaka misumeno, nikapaka na reli za droo zote. Nilikuwa naimba kwa sauti, na unajua sauti yangu ilivyo.

Mchana Festo akabisha hodi na mfuko wa vitunguu.

"Kamwene, dada. Liko wapi?"

Hata chai hakunywa. Alishika randa kubwa, akaweka ubao wa paini mezani, akasukuma. Ikakwama, ikachuna ubao vibaya.

"Umeiharibu," akasema, akafunga mfuniko. "Naondoka nalo."

Nikamnyang'anya ile randa, nikaigeuza, nikachungulia tumboni kwa jicho moja, nikaigonga nyuma mara mbili kwa nyundo ya mti. Chuma kikarudi ndani kidogo sana. Nikasukuma kwa mwili mzima, siyo kwa mikono tu. Baba, lilitoka ganda moja refu la mbao, toka mwanzo wa ubao hadi mwisho, jembamba hata vidole vyangu vikaonekana upande wa pili! Nilipiga kelele hadi Mama Lusajo akaja mbio akidhani ni nyoka.

Festo aliliokota, akaliinua kwenye mwanga. Kisha akatoa simu akampigia Baba mdogo, pale pale mbele yangu.

"Baba mdogo, kamwene. Lile sanduku la mzee, tulimpa mtu siye. Fundi yuko huku Mbeya. Ndiyo, Tumaini. Sitanii, Baba mdogo. Waambie wazee nimelitoa mwenyewe, kwa mkono wangu."

Fundi! Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nakiri inaniuma kidogo kwamba wewe hukuwahi kulitamka neno hilo, na nilikuwa nalingoja. Lakini furaha imezidi, nimeshindwa hata kula.

Pumzika vyema, Baba. Naishia hapa kwa sababu Mama Lusajo ameshaagiza stuli mbili, na anazitaka Jumamosi.

Binti yako,
fundi.