Wiki Tisa kwenye Sura ya Mwisho

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA 31 CHA KAMATI YA DARASA LA KIINGEREZA LA WATU WAZIMA, JUMAMOSI TAREHE 14, CHUMBA CHA NYUMA CHA MAKTABA

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (mama mwenye duka la dawa), Mwalimu (mstaafu), Fundi Cherehani, Katibu.
ASIYEHUDHURIA: Kinyozi, bila udhuru, kwa mara ya nne. Alionekana akinyoa.

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika ishirini alasiri, akaomba maneno yawe machache kwa kuwa ana wateja.

KUMB. NA. 2/31: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma kurasa zote nne. Mwenyekiti alishauri usomwe muhtasari tu. Katibu alieleza kwamba muhtasari si kumbukumbu.

KUMB. NA. 3/31: SURA YA KUMI NA MBILI
Mwalimu alikumbusha desturi ya darasa: hakuna kufunga sura mpaka kila mmoja asimame na kutoa sentensi yake sahihi mbele ya wenzake. Alieleza kwamba sura hii ya mwisho, ya vishazi tegemezi, yaani vile vipande vya sentensi vinavyoanza na "because" au "although" na kudai kipande kikuu, imekula wiki tisa. Wote wamepita isipokuwa Katibu, ambaye kila Jumamosi husema "Although I am tired" kisha huketi. Mwalimu aliongeza kwamba hajaona kichwa kigumu namna hii kwa miaka thelathini na nne. Aliomba maneno hayo yasiandikwe.

Fundi Cherehani alisema usajili wa mtihani unafungwa Jumatano, na bila barua ya kumaliza kitabu hasajiliwi. Kazi ya kushona sare za hoteli inataka cheti cha mtihani huo, na hoteli haitamngoja. "Nimechoka kulipia uzito wa mtu mwingine," alisema.

KUMB. NA. 4/31: KARATASI ZA MAZOEZI
Fundi aliweka mezani karatasi mbili za zoezi moja: ya mwandiko wa Mwalimu, na ile iliyopigwa chapa na Katibu. Makosa matatu ya Mwalimu, yote ya vishazi hivyo hivyo, yalikuwa yamesahihishwa kwenye chapa. Fundi aliuliza kama ni mashine iliyosahihisha. Mwalimu alitafuta miwani yake.

Katibu alikiri kwamba alipiga chapa barua za Kiingereza katika ofisi ya bima kwa miaka ishirini na sita, na mkono ulisahihisha wenyewe kwa mazoea.

"Kumbe!" alisema Fundi. "Mzee mzima, unatuchezea!"

Mwenyekiti alitaka kujua sababu. Katibu alieleza kwamba kitabu kikiisha, darasa nalo linaisha. Tangu mkewe afariki, hapa ndipo mahali pekee anapoulizwa swali na watu wakangoja ajibu. Nyumbani inaongea redio. Alisema anaona aibu, na iandikwe hivyo.

KUMB. NA. 5/31: SENTENSI YA KATIBU
Fundi alisema, "Pole, mzee wangu. Lakini sentensi utaitoa leo."

Katibu alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba amewachelewesha wenzake kwa sababu aliogopa kurudi nyumbani, na kwamba anaomba radhi. Mwalimu alisema ni sahihi. Kitabu kilifungwa, na Fundi akapewa barua yake papo hapo.

KUMB. NA. 6/31: MENGINEYO
Katibu alipendekeza wanachama waendelee kukutana Jumamosi, hata bila kitabu. Mwenyekiti alisema ni wazo zuri. Hakuna aliyeliunga mkono.

Mwenyekiti aliuliza nakala za kumbukumbu hizi zitawafikiaje watu, maadamu hakuna kikao kingine. Katibu alijitolea kuzipeleka kwa mkono, mtu mmoja kwa siku. Mwenyekiti alisema yake aachiwe msaidizi wa dukani. Mwalimu alisema ya kwake itiwe tu kwenye sanduku la barua. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mimi usinipenyezee chini ya mlango," alisema. "Gonga."

KUFUNGA
Watu walitawanyika saa kumi na dakika tano. Katibu alibaki kupanga viti.

Mwenyekiti: ........................ (ameondoka, atasaini dukani)
Katibu: ameweka saini. Nakala ya Fundi itapelekwa Jumatatu.